Kahawa ya Mara ya Tatu

Birika la kahawa lilimpita mume wangu, na ukumbi mzima wa chini ya kanisa uliliona likimpita.

Kwetu Minnesota, sisi tuliotoka Norwei, mtu hapokei kitu kwa kukaribishwa mara moja. Unasema hapana, asante. Unakaribishwa tena, unakataa tena. Mara ya tatu ndipo unaposogeza kikombe, ukijifanya umeshindwa. Anayepokea mapema ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu ana kiburi, na hasamehewi. Jumapili ile Gunhild, mama aliyekuwa akigawa kahawa, alimkaribisha mume wangu Halvor mara moja tu. Halvor akakataa kama alivyolelewa, naye Gunhild akaenda zake. Nilitamani kumnyang'anya birika lile.

Kosa la mume wangu lilijulikana. Alikuwa mbunge wetu, na kule Washington, majina ya wabunge yalipoitwa wapige kura, aliipinga sheria ya kuwafunga watu bila kesi kwa kushukiwa ukomunisti tu. Chama chake chote kiliiunga mkono.

"Mke wangu, nimelikoroga," aliniambia kwa simu.

"Basi tutalinywa wote," nikamjibu.

Sasa Einar Tollefson, mwenyekiti wa chama, alivuta kiti akaketi mbele yetu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa arusi yetu.

"Halvor, bwana, sema ulipitiwa," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Homa, uchovu, chochote. Tunakusimamisha tena uchaguzi wa Novemba."

"Hapana, asante."

Watu wakacheka kidogo. Hiyo ilikuwa ya kwanza, na ya kwanza haihesabiwi.

"Acha utani, ndugu yangu. Baba yako na wangu walilima ardhi hii kwa plau moja. Neno moja tu, yaishe."

"Hapana, asante."

Hakucheka mtu. Gunhild alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya Einar na birika lake, tayari kumimina. Einar akainama.

"Halvor. Nakuomba."

Chini ya meza mume wangu aliushika mkono wangu. Aliupenda ubunge ule kama wengine wanavyopenda mashamba yao. Niliogopa atakubali, na niliogopa atakataa.

"Hapana, Einar," alisema.

Safari hii hakushukuru. Einar aliinuka bila kumpa mkono. Gunhild naye akageuka aondoke, nikakisukuma kikombe cha Halvor mbele yake.

"Jaza," nikamwambia.

Akajaza. Halvor aliinywa yote, taratibu, wao wakitazama.

Novemba alisimama bila chama, akashindwa hata katika kata yetu. Miaka imepita, nimeshamzika. Ukumbini wananikaribisha kahawa bado, kwa adabu, wakingoja nikatae. Nasogeza kikombe mara ya kwanza. Waniite mlafi.