Sentensi Arobaini za Mwalimu

Kiwandani walimwita Bi Mkato, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijaingia mashineni: kadi za harusi, mitihani ya shule, vitabu vya risiti, matangazo ya misiba. Alikaa kwenye kijichumba nyuma ya mashine ya kukunjia, chenye dirisha moja, taa ya shingo ndefu na kikombe kilichojaa kalamu nyekundu, na ole wake aliyeazima moja bila kurudisha. Mwenye kiwanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa mizaha aliyepanga kurasa kwenye kompyuta na kuziendesha mashineni kwa mikono yake mwenyewe.

Baina yao palikuwa na utaratibu mmoja usio na mjadala. Alichokitia Bi Mkato wino mwekundu, shemeji alikifuata kama kilivyo, bila kuuliza. Utaratibu huo ulianza siku walipochapa kadi mia tatu za harusi na bibi harusi akawa anaolewa na baba mkwe wake. Bi Mkato alikuwa amelikamata kosa lile mapema, shemeji akambishia, na kadi zikaenda hivyo hivyo. Tangu siku hiyo alinyoosha mikono.

Jumatatu moja asubuhi shemeji aliingia kijichumbani na bahasha ya kaki.

"Shemeji, mwalimu wako kapita hapa. Hata maji hakunywa. Anataka kijitabu, nakala mia tano. Jalada na ukurasa wa mbele kasema ataleta Ijumaa."

Hilo halikuwa la ajabu. Katika kazi yao kurasa za ndani hutangulia, na jalada na jina la kitabu huja mwisho, idadi ya kurasa ikishajulikana. Vitabu vingi Bi Mkato alivisoma vyote bila kujua vinaitwaje.

Lakini mwalimu wake! Huyu ndiye aliyemfundisha Kiingereza miaka mitatu mfululizo. Alikuwa na mtindo wa kusoma insha za wanafunzi kwa sauti, na sheria yake ilikuwa kupumua penye alama tu. Ukisahau nukta, Mwalimu hapumui. Anasoma, mishipa ya shingo inamtoka, macho yanamwiva, na darasa zima linagaragara kwa kicheko mpaka mwenye insha apige kelele, "Nukta, Mwalimu! Weka nukta!" Watoto waliopita mkononi mwake hawakusahau nukta tena maishani.

Bi Mkato alifungua bahasha kwa furaha ya kitoto. Ndani mlikuwa na sentensi arobaini za Kiingereza, zimepewa namba, kwa mwandiko uleule mzuri wa ubaoni. Ya kwanza ilisema: "When I wash my brother sings". Alicheka. Mtu anamwosha kaka yake, kaka anaimba? Kisha akaona kwamba pamekosekana mkato baada ya neno la tatu, na pale mwisho hapakuwa na nukta. Akaenda ya pili: "Is this your hat no it is my uncle he is asleep under it". Kofia, na mjomba aliyelala chini yake, lakini hakuna alama ya kuuliza, hakuna mkato, hakuna chochote. Akapekua haraka mpaka ya arobaini. Kurasa zote zilikuwa hivyo. Mtu aliyekuwa tayari kuzimia mbele ya darasa kwa ajili ya nukta moja alikuwa ameandika kitabu kizima bila hata moja.

Kwa nini? Swali lilimng'ang'ania. Labda aliandika kwa haraka, lakini mwandiko haukuwa wa haraka hata kidogo. Labda macho, lakini mistari ilikuwa imenyooka kama imepigiwa rula. Dhana ya tatu aliifukuza mara mbili, na mara zote ikarudi. Mwezi uliopita walikutana na Mwalimu kwenye foleni ya posta, naye akamwita kwa jina la dada yake. Alikuwa amelicheka lile. Sasa halikumchekesha.

Kumpigia simu hakuweza. Unamwambiaje mtu kama yule kwamba mikato imemtoka kichwani? Na kuacha kurasa ziende zilivyo pia hakuweza, kwani watu mia tano wangezisoma na kutikisa vichwa. "Nitamsitiri," alijisemea, akazitoa fotokopi kurasa ili za Mwalimu zibaki safi, akafunga mlango, akachomoa kalamu.

Ilimchukua siku mbili. Zile nyepesi alizimaliza kabla ya chai. Nyingine zilimgomea kabisa: akitia mkato hapa, sentensi inageuka upuuzi, akiusogeza kule, inakuwa upuuzi wa aina nyingine, kisha ghafla mahali pamoja padogo maana inakaa sawa, naye anajikuta anachekea karatasi peke yake. Ya ishirini na tatu alikwenda nayo nyumbani kichwani, akaunguza sufuria. Alipokwama alijiuliza vipi mzee aliyeanza kusahau ameweza kuzifunga sentensi namna ile, kila neno likivuta upande wake. Lilikuwa swali zuri, na laiti angalilifuata. Lakini huruma ilikuwa imeshamkaa, na mtu mwenye huruma hana muda wa maswali.

Jumatano alimkabidhi shemeji kurasa zilizojaa wino mwekundu.

"Mbona kama umechinja kuku humu?" shemeji aliuliza.

"Fuata tu."

Shemeji akafuata. Kufikia Alhamisi mchana kurasa za nakala mia tano zilikuwa zimepangwa mezani, safi, zikisubiri jalada.

Ijumaa Mwalimu alikuja, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, karatasi moja mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea kichwa cha mtoto."

Bi Mkato akaipokea karatasi na kuisoma akiwa amesimama. Iliandikwa kwa herufi kubwa: WEKA ALAMA MWENYEWE. Na chini yake: Sentensi arobaini zisizo na alama hata moja, za kuchemsha bongo.

Akaisoma tena. Shemeji, aliyekuwa akichungulia begani kwake, alikohoa kikohozi kisicho na mafua, akamvuta mpaka nyuma ya mashine.

"Tuseme ni kompyuta," alimnong'oneza. "Kompyuta itajitetea kwa mdomo gani?"

Wazo lile lilimvutia, kusema kweli. Lilimvutia kwa muda wa kama pumzi tatu. Kisha akatoka nyuma ya mashine, akachukua nakala moja ya kurasa zilizochapwa, akaiweka mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, nimekuharibia kitabu. Nimezitia alama zote."

Mzee akatazama ukurasa wa kwanza, akatazama wa pili. Kidogo mdomo ulimcheza, kama anataka kucheka.

"Bi Mkato kweli! Sasa kwa nini hukuniuliza? Simu yangu unayo."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alitamani shemeji atoke, lakini shemeji alikuwa ameganda pale pale na kitambaa cha wino mkononi.

"Nilidhani akili imeanza kukuhama, Mwalimu. Sikutaka watu wajue."

Kile kicheko kikamfutika mzee mdomoni. Alitafuta kiti kwa mkono, akaketi taratibu. Bi Mkato alingoja agombezwe. Angefurahi kugombezwa.

"Zote arobaini?" Mwalimu aliuliza mwishowe. "Umezimaliza zote?"

"Zote."

"Hata ya thelathini na moja?"

"Hiyo ilinila nusu siku."

"Nione." Mkono wake ulinyooka haraka, haraka kuliko ilivyofaa, na Bi Mkato akashangaa kuona kwamba hana hasira hata chembe. Alikuwa kama mtu mwenye njaa aliyesikia harufu ya chakula. Ndipo jicho lake la kazi lilipoona kitu lilichopaswa kukiona mapema: mzee alikuwa ameleta jina la kitabu tu.

"Mwalimu, majibu yako wapi? Kitabu cha mafumbo hakikosi ukurasa wa majibu."

"Hayapo," alisema Mwalimu. Alikunja mikono juu ya kurasa. "Hizi sentensi nimezitunga miaka na miaka, nyuma ya maboksi ya chaki, kwenye karatasi za kura za walimu, popote. Mwaka huu nikasema nizikusanye kabla hazijapotea. Nikazinakili zote. Kisha nikaketi niandike majibu. Ishirini na tisa zikaja. Kumi na moja zimekataa." Alizipapasa kurasa. "Nazitazama, binti yangu, najua mwandiko ni wangu, lakini naona kama nagonga mlango wa jirani. Nikasema nizitoe tu hivyo hivyo, labda kuna mtoto mwenye akili atanitumia majibu kwa barua. Kwa hiyo hukukosea. Imeanza."

Bi Mkato aliumia. Siku zote mbili alizokuwa akimsitiri, alikuwa ameomba moyoni awe amekosea, na sasa amekuwa sahihi, na usahihi ule haukuwa na utamu wowote. Aliinama akamshika mzee mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika maisha yake yote.

Shemeji ndiye aliyeokoa jahazi. Alifuta mikono, akasema kwa sauti ya kikazi kwamba yeye haoni kilichoharibika: atachapa upya sentensi zikiwa uchi kama Mwalimu alivyozileta, na hizi kurasa zilizovaa nguo zitaingia nyuma ya kitabu. Hayo ndiyo majibu, na yapo tayari nakala mia tano. "Shemeji yangu amefanya kazi ya kitabu cha pili kabla ya cha kwanza," alisema. "Ni haraka zake tu."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, kisha akageuza kurasa zote kifudifudi.

"Ngoja. Nisizione kwanza. Nipe kalamu, na zile karatasi nilizoziandika kwa mkono."

Bi Mkato akampa karatasi zake kutoka kwenye bahasha, na kalamu nyekundu kutoka kikombeni. Mzee akaishusha hadi ya thelathini na moja: "When my aunt had eaten the cat my uncle and I washed the plates".

Alitia mkato baada ya paka. Akasoma, akakunja uso. "Hapa shangazi kamla paka." Akaufuta kwa kidole, ukamwachia alama nyekundu. Akautia baada ya neno linalosema "mimi". Akasoma tena. "Sasa shangazi katula sote, paka, mjomba na mimi, na vyombo havina wa kuviosha." Shemeji aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Bi Mkato alikalia mikono yake. Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni kama maji, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikuwa akitazama kosa bila kuligusa. Mashine ilikuwa imezimwa, na nje mtu alikuwa akigonga bati.

Kalamu ikarudi nyuma polepole. Ikasimama juu ya shangazi, ikapita, ikasimama baada ya neno "eaten". Mkato mmoja pale, na mwingine baada ya paka, na nukta mwisho. Mwalimu akasoma kimya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Shangazi kala zake, kashiba," alisema huku akifuta machozi, "na paka ndiye anayeosha vyombo! Paka, pamoja na sisi!" Alicheka mpaka kiti kikalia. Akaishika karatasi mbali na macho, akaitazama kwa heshima.

"Mjanja sana huyu mtu," alisema. "Kaitunga nani?"

Shemeji akatazama chini.

"Umeitunga wewe, Mwalimu," Bi Mkato alisema.

"Mimi?" Uso wa mzee ulifunguka wote kwa furaha, kama mtu aliyesifiwa na mgeni. Alivuta kiti karibu na meza. "Basi nipe nyingine."