Kipindi cha Kimya

Mjukuu wangu Maren alianza kupoteza uwezo wa kusikia mwezi wa nane, na sisi watu wazima, wenye akili zetu timamu, tukakaa tunampigia makofi mpaka mwezi wa pili. Nasema hili mapema ili mtu asije akanifuata akitegemea muujiza mbele ya safari. Haupo.

Ilianza na homa. Tulikuwa kwenye kibanda cha ziwani, mtoto akaamka anawaka moto na kulia kwamba masikio yanamuuma. Daktari wa zamu akatupa chupa ya dawa, homa ikashuka, lakini mtoto akawa anayumba kila akisimama. Mkwe wangu Todd akasema, "Huyu kapitia bia zangu." Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Baada ya muda akatembea sawa, tukasahau. Mwezi wa tisa, akiwa na miaka minne, akaanza shule ya Kihispania.

Shule yenyewe iko chini ya kanisa la Walutheri hapa mjini kwetu, Minnesota. Watoto wote ni wa nyumba za Kiingereza, lakini wakivuka mlango ni Kihispania mtindo mmoja. Walimu wanakijua Kiingereza vizuri tu, ila ni mwiko kukitamka mbele ya mtoto. Akisema ana kiu kwa Kiingereza, mwalimu anamkodolea macho kama haelewi, anamwonyesha kikombe na kumtajia neno, mpaka mtoto alinase. Kila kitu kinakwenda kwa mikono, kwa picha, kwa kuigiza na kuimba.

Mimi sikuipenda shule ile tangu siku ya kwanza. Si kwamba nawachukia wenye lugha yao. Nimekata bata mzinga kiwandani nusu ya maisha yangu bega kwa bega na wanawake wa Honduras, na Kihispania cha matusi nakijua kuliko padri wao. Nilichosema ni kwamba mtoto amalize kwanza lugha ya mama yake.

"Mama, dunia imebadilika," Todd akaniambia. "Akikua utafurahi."

"Akikua nitakuwa kaburini. Nataka kuzungumza naye sasa."

Binti yangu Karin akatuambia tunyamaze, chakula kinapoa.

Mwalimu mkuu, Bi Colleen, alituita wazazi na mabibi kwenye mkutano, akatupa kahawa nyepesi na biskuti. Akasema watoto wengi wanaozamishwa kwenye lugha mpya hupita kipindi cha kimya. Mtoto haongei, hajibu akiitwa, anatazama tu wenzake wanafanya nini naye anafanya. Nyumbani anaweza kuwa mkali, au akawa kama yuko mbali. "Msimsukume," akasema. "Kichwa chake kinafanya kazi kubwa. Siku moja mtashangaa lugha inamwagika." Na hakusema uongo, maana kwa watoto wengine ilimwagika kweli. Yule wa jirani yetu kufikia sikukuu ya mavuno alikuwa anamwamrisha mbwa kwa Kihispania.

Wetu akawa kimya. Na kila alichofanya kikapata jina tayari. Ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, ni kipindi cha kimya. Anasogea mpaka pua iguse televisheni, ni uchovu wa kichwa. Karin akimsomea hadithi kitandani, mtoto anamshika kidevu na kumgeuza uso amtazame, basi Karin anayeyuka, anasema mtoto amekuwa na mapenzi siku hizi. Mimi nilikuwa namwambia avue viatu vya theluji mlangoni, anapita navyo mpaka jikoni, nami nasema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo siitamki tena.

Halafu maneno yake yakaanza kulegea. Herufi za mwisho zikawa zinaanguka, nyingine zinavutwa, sauti inapanda na kushuka pasipo sababu. Todd akafurahi mno. "Sikilizeni lafudhi hiyo," akasema. Akamrekodi kwa simu akiomba maziwa, akawatumia ndugu zake wote hadi Seattle. Ndugu wakajibu kwa vicheko na mioyo myekundu. Mimi nikasema, "Hiyo si lafudhi, hiyo ni shule inamharibia mtoto ulimi." Nilikasirika siku nzima. Todd aliona shule inafaulu, mimi niliona shule inaharibu, na katikati yetu mtoto alikuwa anazama. Hakuna aliyemfikiria daktari. Tulikuwa na ugomvi mtamu, nani angetaka kuuacha?

Kabla ya Krismasi wakafanya maonyesho. Watoto walisimama na taji za karatasi, wakaimba nyimbo za wasafiri wanaobisha hodi kuomba pa kulala. Maren alikuwa safu ya mbele. Alipiga makofi pale wenzake walipopiga, akapanua mdomo walipopanua, nyuma yao kidogo tu, jicho likimcheza kushoto na kulia. Mwalimu wake Yadira, binti wa Puebla mwenye sauti nzuri, alimwinamia na kumbusu kichwani. Karin alilia kwa furaha. Nikaona aibu kidogo kwa maneno yangu, nikampa Todd mkono.

Mwezi wa pili, siku ya baridi ya kukausha pua, nilikwenda kumchukua. Nilipofika kengele ya moto ilikuwa inalia. Ni mazoezi, huyafanya kila mara, lakini kengele ile inakaa ukutani kama honi ya garimoshi, mtu mzima unaziba masikio. Watoto walikuwa nje wamefunikwa mablanketi, wameshika kamba yao ya kutembelea. Yadira akawahesabu, akawahesabu tena, akageuka rangi.

"Maren," akasema, akatimka kurudi ndani. Nikamfuata na magoti yangu haya.

Tulimkuta kwenye kona ya duka la kuchezea, ametupa mgongo. Alikuwa anapanga ndizi na matikiti ya mbao kwenye kikapu, taratibu, anayabadilisha akiona hayakukaa vizuri. Kengele ilikuwa juu ya kichwa chake pale pale.

Yadira akamwita kwa Kihispania. Kisha akapiga kelele kwa Kiingereza, kile kilichokuwa mwiko, Kiingereza kisafi kuliko cha Todd: "Maren! Tazama huku, mtoto!" Akapiga makofi. Akachukua sufuria ya kuchezea, akaibamiza sakafuni.

Maren akaweka ndizi.

Yadira akanigeukia. "Bibi Verna," akasema, "huyu mtoto hasikii." Mtoto alipohisi sakafu inatikiswa na hatua zetu ndipo akageuka, akatuona, akatabasamu, akaninyooshea tikiti ninunue.

Hospitali ya watoto iko kwenye mji mkubwa, mwendo wa asubuhi nzima kwenye theluji. Walimweka kwenye chumba cha kupima, wakampiga picha ya kichwa. Daktari mwenyewe, Bi Anjali, alikuwa mpole, na ningependa angekuwa mkali, ningepata wa kumrukia. Alitueleza kwamba ile homa iliingia ndani kabisa ya sikio, mahali palipojikunja kama konokono. Sikio moja lilikufa mapema, la pili likawa linafifia polepole. Upo mtambo ambao waya wake mwembamba huingizwa mle, na mtoto husikia tena. Lakini baada ya ugonjwa kama ule mle ndani huota mfupa. Wiki za mwanzo pako wazi. Kadiri unavyokaa, panazibika.

"La kushoto limeziba," akasema. "La kulia tutajaribu."

Todd akauliza, "Tulipaswa kumleta lini?"

Daktari akakunja mikono mapajani. "Msijitese na hilo."

"Nimeuliza lini."

"Mwezi wa tisa ingekuwa vyema zaidi."

Todd akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ngapi. Wakati wa kurudi alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akasimama kwenye upepo bila koti. Karin hakumfuata, na mimi sikumwita.

Wakajaribu. Walimnyoa nusu ya kichwa, wakamwingiza asubuhi, nasi tukakaa kwenye viti vya plastiki. Bi Anjali alipotoka nilijua kabla hajavua kofia. Waya umegoma, akasema. Walichimba mpaka mahali ambapo kuchimba zaidi ni kukata mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Akazungumza juu ya kifaa kingine cha kufunga kwenye ubongo, hatari yake na udogo wa faida yake, na juu ya lugha ya alama. Karin akasema ndiyo, ndiyo, tutajifunza wote. Todd akatoa simu, akairudisha mfukoni. Yule aliyetaka mtoto wa lugha mbili.

Jioni walikwenda kula, nikabaki na Maren. Alikuwa ameketi kitandani na bandeji kama kilemba, anakula jeli nyekundu. Akaniangalia. Kisha akaongea, kwa sauti kubwa mno, maneno yamelegea, ila niliyapata yote.

"Bibi, Mama alisema shuleni mwanzoni sitaelewa. Alisema niangalie tu, niangalie sana, siku moja nitaelewa watu wote."

"Ndiyo," nikasema.

"Mimi naangalia sana. Sasa hata Mama simwelewi. Hata wewe." Akaramba kijiko. "Nitaelewa kesho?"

"Sijui, mama," nikasema.

Alikuwa amekaza macho kwenye midomo yangu. Ilipoacha kusogea akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama wanavyofundishwa wakiwa wamekaa kwenye zulia, akaendelea na jeli yake.