Sauti ya Idara ya Maji

Mtambo wa kujibu simu za wateja wa idara ya maji ulikuwa unatukanwa kila siku, na mwandishi wa maneno yake alikuwa anayasikia matusi yote kwenye rekodi. Mkuu wake akampa wiki mbili: “Ufanye uongee kama mtu.”

Jumamosi akajifungia chumbani na karatasi zake, akamwomba shangazi yake apige simu kutoka sebuleni. Yeye mwandishi ndiye angekuwa mtambo.

“Ingizo lako si sahihi,” alisoma. “Tafadhali rudia, tafadhali. Tafadhali sema tena.”

“Ingizo? Mimi nimeingiza nini?” Shangazi aliuliza kwa sauti iliyopenya mlango. “Nimesema maji hayatoki!”

“Shangazi, mimi ni mashine.”

“Basi mashine haina adabu. Na hizo tafadhali zako zote! Mtu akikubembeleza hivyo, ujue hana nia ya kukusaidia.”

Mwandishi alicheka mpaka karatasi zikamponyoka. Akatoka, wakakaa kochi moja, sasa Shangazi ndiye akijibu simu za kuigiza, mwandishi akiandika mbiombio. Aligundua kwamba Shangazi huanza na pole, huuliza jambo moja tu, kisha hunyamaza na kusikiliza. Hapo penye kunyamaza akapawekea alama nyekundu.

Siku ya kuuwasha mtambo, ofisi nzima ilizunguka spika. Simu ya kwanza ikaingia, maji yakisikika yakimwagika.

“Karibu. Mimi ni mtambo wa idara ya maji. Nikusaidie nini?”

“Bomba limepasuka!” mzee mmoja alipaza sauti.

“Pole sana. Ni ndani ya nyumba au barabarani?”

“Barabarani, mbele ya kinyozi, sokoni.”

“Haya, nawaarifu mafundi. Una kalamu nikupe namba ya taarifa?”

“Ngoja niitafute.”

Kimya. Droo zikafunguliwa, kitu kikaanguka. Mtambo wa zamani ungekuwa umeshakata simu.

“Tafuta tu, bado nipo,” mtambo ukasema.

Ofisi ikalipuka kwa vifijo. Mzee akaandika namba, akashusha pumzi.

“Ahsante, binti yangu. Msalimie mama.”

“Samahani, sijakupata vizuri.”

“Nasema, mama yako msalimie!”

Mkuu alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Mwandishi naye, mbavu zikimuuma, alivuta karatasi na kuandika jibu lililokosekana: “Salamu zimefika.”