Zoezi la Kundi la Pili

Mkufunzi alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza: picha ya zoezi isiwe imewahi kuonekana mtandaoni. Picha iliyokwisha kuzunguka, alisema, inafukuliwa kwa dakika mbili na yeyote anayejua kutafuta, na zoezi la dakika mbili halimfundishi mtu kitu. Ndiyo maana siku ile ya Jumatano maafisa habari ishirini na wanne wa serikali walikuwa wameinamia simu zao katika ukumbi wa hoteli, kila mmoja akipekua picha zake mwenyewe kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, kwa fedha za wafadhili: diplomasia ya kidijitali na namna ya kukabili habari za uongo. Jumatatu walifundishwa jinsi ubalozi unavyozungumza na watu wa nchi nyingine kupitia kurasa zake. Jumanne zilikuja kanuni za kukanusha, ya kwanza ikiwa kwamba saa moja baada ya uongo kutoka ndiyo saa yenye thamani, na zinazofuata ni za kufukuza upepo. Jumatano, kundi moja litunge uongo na jingine liuvunje.

Katika kundi la pili alikuwamo afisa wa wizara ya afya ambaye watu walimwita Msemaji. Jina hilo halikutokana na kazi. Alipewa na dada yake utotoni, kwa sababu alifikisha miaka minne hajatamka neno la maana, likamganda mpaka ofisini. Msemaji halisi wa wizara alikuwa Mkurugenzi. Yeye aliandika, Mkurugenzi akasema.

Katika simu yake Msemaji alikuta picha ya huyo dada. Dada alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati moja kwa miaka ishirini na miwili, na akina mama wa eneo lile walimwita Mama Matone, kwa matone ya polio aliyowapa watoto. Msemaji alimpiga picha siku alipompeleka mwanawe kuchanjwa. Amekaa kwenye kiti kirefu, kisanduku cha baridi magotini, ameinua kichupa cha chanjo usawa wa dirisha, jicho moja amelifumba. Alikuwa anasoma tarehe ya mwisho ya matumizi. Hakuna kichupa alichowahi kukifungua bila kukisoma kwanza, kwa sauti, hata chumba kikiwa kitupu.

Mkufunzi alikuwa amewaambia kwamba uongo unaodumu ni ule wenye robo tatu ya ukweli. Msemaji, ambaye hakupenda kazi ya kubahatisha, aliona robo tatu zake pale pale: muuguzi wa kweli, kichupa cha kweli, dirisha la kweli. Robo iliyobaki aliiandika yeye. Muuguzi huyu, aliandika, amenaswa akifuta tarehe za chanjo zilizokwisha muda ili wapewe watoto.

Kundi lililopewa kuivunja lilihangaika dakika arobaini likaambulia patupu. Walitafuta picha mtandaoni, haipo. Walitafuta dalili za kuchezewa, hazipo, kwa sababu haikuchezewa. Mkufunzi alisema kwamba kwa miaka sita ya kufundisha hajaona zoezi safi kama lile, ukumbi ukapiga makofi, na Msemaji akainamisha kichwa kidogo kama bwana harusi.

Jambo moja hakulifanya. Jumatatu waliambiwa kwamba kila kitu cha kujifunzia kipigwe neno ZOEZI kwa herufi kubwa, kukatiza picha yenyewe. Msemaji alijaribu. Neno lilipita juu ya kichupa, na bila kichupa hapakuwa na uongo wa kuvunja. Akalifuta, akaliandika chini ya picha, mstari wa kwanza wa maelezo, kisha akaiweka kwenye grupu la mafunzo. Aliona inatosha. Wote mle walikuwa watu wa fani.

Mwenzake wa kundi lile alitoka wizara ya mambo ya nje. Walimwita Balozi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kununua suti za cheo ambacho bado hajapewa. Jioni ile Balozi aliwarushia wenzake wa ofisini picha ile, aone nani ataigundua. Maneno ya chini aliyarusha pia, ila mstari wa ZOEZI aliukata. Angeuacha, alieleza baadaye, mchezo ungeharibika.

Alhamisi saa nne, wakati wa chai, mama aliyekuwa akiwamiminia vikombe alimsogelea Msemaji akamuuliza kama ana mtoto mdogo. Msemaji akasema anaye. Mama akafuta mkono kwenye aproni, akatoa simu, akamwonyesha.

Ilikuwa picha yake. Chini yake kulikuwa na maneno yake pia, ila yalikwisha kuongezewa: jina la zahanati, na idadi ya watoto waliokufa. Watoto kumi na mmoja.

"Usimpeleke," mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi wa kwangu nimekwisha kumrudisha toka mlangoni."

Msemaji alimwambia ni uongo. Akamwambia yeye anajua kwa hakika ni uongo, kwa kuwa uongo huo umetungwa ndani ya ukumbi ule, jana, kwenye meza ile pale. Mama alimtazama, akaitazama meza, akarudisha simu mfukoni. Alisema watu wa serikali kukanusha ndiyo kazi yao, hawezi kuwalaumu. Kisha akamuuliza kama anataka sukari.

Msemaji alitazama saa. Saa yenye thamani ilikuwa imepita zamani, lakini kila saa ilikuwa na hesabu yake, na yeye hakuwa mtu wa kukaa akijuta wakati kuna la kufanya. Alikaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli akaandika taarifa ya sentensi tatu. Picha hii ilitumika katika mafunzo ya maafisa habari wa serikali. Maneno yaliyo chini yake yalitungwa kwa ajili ya zoezi na afisa wa wizara hii. Muuguzi anayeonekana alikuwa akihakiki tarehe ya chanjo kama kanuni inavyotaka. Akamtumia Mkurugenzi, kisha akampigia.

Mkurugenzi hakufoka. Alieleza kwa utulivu kwamba picha imevuka mpaka, kwamba asubuhi ile ubalozi wa nchi jirani, ambayo akina mama wake huleta watoto kwenye zahanati zetu, umeomba maelezo kwa barua, na kwamba jambo lililoombwa kwa barua hujibiwa kwa barua. Wizara ya mambo ya nje ndiyo itakayoandika. Mpaka barua itoke, hakuna wizara nyingine itakayofungua mdomo.

"Itatoka lini, mheshimiwa?"

"Iko kwenye faili."

Msemaji akasema kwamba kuna muuguzi pale, ana uso wake, watu wanamjua.

"Na kuna serikali," Mkurugenzi alisema. "Unataka niwaambie majirani kwamba tuliwaita wafadhili watufundishe kuzima uongo, tukaishia kuutengeneza?"

Hakumwambia kwamba muuguzi ni dada yake. Alipima neno hilo akaona halitaongeza kitu kwenye hoja, litaipunguza tu.

Alimwendea Balozi. Balozi alikuwa amesawijika, tai imelegea, na alimshika Msemaji mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema ameifuta picha kwenye simu yake, kana kwamba hilo lilikuwa na uzito. Akamsihi wasikurupuke, barua iko mikononi mwa watu wenye uzoefu, yeye mwenyewe ataisukuma. Msemaji akamwendea mkufunzi. Mkufunzi alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba kwa kanuni za Jumanne taarifa ya sentensi tatu ingepaswa kutoka jana, akasema mkataba wake haumruhusu kusema lolote kwa niaba ya serikali. Kisha akafunga kompyuta yake taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mchana kutwa Msemaji alimpigia dada yake. Simu iliita, haikupokewa.

Ijumaa saa tano, barua ilipokwisha kutoka, taarifa ya wizara iliruhusiwa, na aliyeambiwa kuiandika ni Msemaji. Mkurugenzi alimsomea kwa simu, yeye akachapa, meza ile ile, vidole havikukosea herufi. Wizara inaujulisha umma kwamba habari zinazosambaa kuhusu chanjo hazina ukweli wowote. Chanzo chake kinachunguzwa. Wananchi waendelee na shughuli zao. Picha ikawekwa, na safari hii ikapigwa neno kwa herufi kubwa nyekundu kulikatiza umbo zima: UONGO. Neno lilipita juu ya kichupa. Uso wa dada ulibaki wazi juu ya herufi, safi kabisa. Mkononi alionekana hana kitu, amefumba jicho moja.

Ndani ya nusu saa watu walikuwa wameipokea. Wengi waliuliza, kama ni uongo, mbona chanzo hakijulikani. Mmoja aliandika kwamba wizara ikikanusha haraka hivi ujue kuna jambo, na mwenzake akamjibu kwamba si haraka, ni siku ya tatu, walikuwa wanazika kwanza.

Saa saba viligawiwa vyeti. Cheti cha Msemaji kilikuwa na mstari wa ziada wa kusifu kundi la pili. Alikikunja mara nne, akakitia kwenye mfuko wa shati, akaenda zahanati.

Benchi la nje, ambalo siku ya chanjo huwa limejaa mpaka wengine wanakaa chini, lilikuwa tupu. Kwenye lango walisimama wanawake watatu, wawili na watoto mgongoni, wa tatu amempakata wake, hawaingii wala hawaondoki. Ndani, dada alikuwa kwenye kiti chake kirefu. Msemaji alimwamkia.

"Marahaba," dada alisema. Hakumtazama. "Ile picha ulinipiga wewe."

Msemaji alikuwa ameandaa maelezo njiani, yenye mpangilio: sharti la mkufunzi, maelezo ya chini, Balozi. Aliyatoa yote. Dada alisikiliza huku akipanga vichupa kwenye kisanduku, cha huku kwenda kule, cha kule kurudi huku.

"Na maneno?"

"Ya kwangu."

"Yote?"

"Ya watoto waliokufa si yangu, Dada. Yaliongezwa."

Dada akatikisa kichwa polepole, kama anapokea taarifa ya dozi. Alimweleza kwamba mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, ameamua, kuanzia Jumatatu, ahamie stoo, mpaka hali itulie. Stoo ya bandeji na sabuni. Mganga alisema anamwamini, na kwamba si suala la kumwamini. Jana mtu alitupa jiwe kwenye bati la nyumba yake, jiwe dogo, la mtoto. Mtoto huyo alichanjwa na Dada mwenyewe, anamjua mpaka uzito wake wa kuzaliwa.

"Miaka minne hukusema," akasema. "Tulikupeleka kwa madaktari. Mama alikuwa analia. Mimi ndiye niliyewaambia, mwacheni, huyu anakusanya."

Dada akafunga kisanduku cha vichupa.

"Basi toka pale nje uwaambie. Wale watatu wana watoto wa miezi tisa. Nimewatarajia."

Alitoka. Hakuwa na ruhusa ya Mkurugenzi, na aliona kwamba hilo halimsumbui tena, jambo lililomshangaza. Aliwaamkia wale wanawake, akawaeleza kwa sauti ya kawaida, hatua kwa hatua: yeye ni afisa wa wizara, uongo ule aliuandika yeye, haya hapa ni mafunzo, haya hapa ni maneno kabla hayajaongezwa. Wakamsikiliza kwa heshima. Mmoja wao, aliyevaa kanga ya bluu, akamkazia macho usoni.

"Wewe si mdogo wake Mama Matone? Mna pua moja."

Akakubali kwamba ndiye.

"Haya," yule mwanamke akasema, bila ubaya wowote. "Ndugu ni ndugu. Hata mimi ningemsemea wangu."

Msemaji akatoa simu, akafungua grupu la mafunzo, akawaonyesha picha na mstari ulio chini yake, neno ZOEZI limeandikwa waziwazi. Wa pili, mdogo kuliko wenzake, aliuchukua ule mkono wenye simu akausogeza karibu, akasoma, akauachia.

"Hiyo mtu anaweza kuiandika hata leo," alisema. "Kuna mtu wa serikali alikuwa redioni Jumanne, akatuambia tusiamini kitu kwa sababu kipo kwenye simu."

Huyo wa redioni alikuwa Mkurugenzi. Maneno yake Jumanne ile aliandikiwa na Msemaji.

Walimuaga vizuri. Yule wa kanga ya bluu akamwambia amsalimie dada, amwambie wanamwombea. Wakaondoka wote watatu, watoto wamelala.

Aliporudi ndani dada hakumuuliza. Ilikuwa saa tisa na nusu. Juu ya meza kulikuwa na kichupa kimoja cha surua kilichofunguliwa asubuhi kwa ajili ya mtoto mmoja, mtoto wa mfagizi wa zahanati, na kichupa kikifunguliwa huishi saa sita tu. Ndani zilibaki dozi tisa. Dada alikiinua usawa wa dirisha, akafumba jicho, akasoma tarehe kwa sauti. Kilikuwa na miezi kumi na minne mbele yake. Kisha akakitupa kwenye sanduku la taka za hatari, kikalia mara moja.

Akavuta daftari la siku. Waliotarajiwa: arobaini na mmoja. Waliofika: mmoja. Safu ya tatu ilikuwa ya sababu, nyembamba, nafasi ya maneno mawili au matatu. Kalamu yake ikasimama hapo.

"Niandike nini?" akauliza. "Wewe ndiye mwenye maneno."

Msemaji aliitazama ile safu. Kwa kazi yake aliweza kuandika sentensi ya ukubwa wowote kwa nafasi yoyote, na alizijaribu kadhaa kimoyomoyo, moja baada ya nyingine, za kweli zote. Hakuna iliyoenea. Dada alimsubiri kwa muda ambao angemsubiri mgonjwa, si zaidi. Kisha akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka: Hawakuja.