Chapa ya Ubavuni

Niliota jana usiku kwamba ngozi mbichi zimejipanga foleni zenyewe mbele ya meza yangu. Mimi ni mkaguzi wa ngozi katika kiwanda kimoja Dodoma. Natoa daraja, la kwanza hadi la nne, na kiwanda hupokea mawili ya juu tu. Kovu, tundu la kisu au chapa ya moto hushusha daraja. Katika ndoto sheria ilikuwa ileile.

Ngozi nyekundu, yenye chumvi mabegani, inafika mbele.

"Hujambo, binti Chilongani."

"Sijambo. Geuka."

Inageuka. Ubavuni, mahali penye ngozi bora kuliko kote, pana chapa ya duara lenye mkia. Ni chapa ya baba. Huyu ni Mabaka, dume lake la mwisho.

"Wewe nilishakukagua Machi," nasema.

"Ukanikataa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, anakutazama."

Ni kweli. Baba alitaka, kabla hajafa, avae kiatu kilichotengenezwa hapa nchini kwa ngozi ya ng'ombe wake. Nilimwandikia daraja la nne. Alisema, "Haya, mama," akaondoka na kandambili zake. Tulimzika Juni.

Meza inakuwa lango la zizi letu. Nyuma ya Mabaka, kwenye foleni, amesimama baba, kifua wazi, ameshika chuma cha chapa ambacho bado ni chekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nikague na mimi, nisichelewe."

"Baba, wewe si ngozi."

"Na hii niliyovaa ni nini, gunia?"

Namkagua. Kovu la mwiba begani. La pembe, mbavuni. Kiganja kimeungua mara nyingi.

"La nne, baba."

"Sawa. Chapa ilitakiwa ipigwe wapi?"

"Shavuni, au chini ya goti. Huko haiharibu ngozi."

"Tangu lini?"

"Iliandikwa kabla sijaajiriwa."

"Iliandikwa wapi?"

"Kwenye vipeperushi. Vimo kabatini kwangu."

Ngozi zote kwenye foleni zinakohoa.

"Miaka kumi na moja unakuja Krismasi," baba anasema, "unakula nyama, unaniona nachoma ubavu. Ungeniambia tu, mama. Ningekusikia."

Natafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jambo hilo. Hapapo.

"Mwache, mzee," Mabaka anasema. "Mimi walinichukua wanunuzi wa ngozi mbichi. Nikapelekwa nje, nikapakwa rangi, nikarudi. Siku hizi naishi na bintiyo nyumba moja."

Baba anachovya chuma kwenye ndoo ya maji. Kinalia, kisha kinanyamaza.

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikavaa sare. Viatu vyangu vya kazini, vya kutoka nje, nilivinunua mwezi uliopita. Cha kushoto kimekuwa kikinichoma unyayo tangu siku ya kwanza, nikadhani ni msumari. Nikang'oa soli ya ndani.

Hapakuwa na msumari. Palikuwa na alama ya moto, duara lenye mkia.

Nikaipeleka soli hiyo ya ngozi dirishani, nikaikagua kama ninavyokagua ngozi nyingine zote. Ukiacha chapa, ilikuwa laini, imeshikamana, haina tundu hata moja. Ningeipa daraja la kwanza.