Pale Aliposimama Lụa

Kosa lilikuwa la Bi Nhài, na mwenyewe alilikubali. Mpira ulimjia juu, akaupokea kwa vidole, akageukia kushoto bila kufikiri, akaita, "Lụa, wako!"

Mpira wao ni mwepesi, upepo mtupu, hata ukikupiga usoni huumii. Ulishuka polepole, ukadunda kwenye ile kona ya wavu ambapo hakuna aliyetaka kusimama tangu mazishi ya Lụa. Ukadunda tena. Wanawake wote, na jezi zao za waridi, wakabaki wanautazama kana kwamba kuna mtu anaenda kuuokota.

"Nisameheni, mashoga," alisema Bi Nhài. "Mdomo umeponyoka."

"Sisi utuombe radhi ya nini? Muombe yeye," alisema Bi Mùi, ambaye hata msibani hutania. "Mpira mbovu namna hiyo alikuwa haupendi."

Walicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Kabla ya kuanza mchezo huu, Bi Nhài alikuwa anapanda ngazi kwa kukalia kila kidato. Usiku moyo unamwenda mbio. Leo anazungusha beseni lake la tofu, ile jibini ya soya, akiuza mtaa mzima, na nesi wa zahanati alimpima presha mara mbili akidhani mashine imekufa.

"Bibi, unakula nini siku hizi?"

"Nakula matusi ya Mùi kila jioni."

Basi baridi iliyopita uwanja ukafungwa, eti ukarabati. Matofali yakamwagwa getini, yakaota majani. Kila mtu akarudi kukaa na runinga yake. Siku za mpira, ukichelewa tu, mtu anakuja kukugongea: "Unatoka au tukubebe?" Baridi ile hakuna aliyemgongea mwenziwe. Lụa alikuwa akiishi peke yake, mwanawe yuko kiwandani kusini. Bi Nhài alipita mlangoni kwake kila asubuhi, akauona mlango umefungwa, akasema amelala huyo. Soya ilikuwa imepanda bei, alikuwa na haraka. Walipovunja mlango, Lụa alikuwa chini jikoni, na wali sufuriani umeota ukungu.

Sasa uwanja umefunguliwa tena, lakini kila akipita kwa Lụa, Bi Nhài husikia mlango unagongwa kutoka ndani. Nyumba ni tupu. Hajamwambia mtu.

"Haya mabibi, tupisheni kidogo!"

Ni Toản, mwenyekiti wa mtaa, kaingia na vijana wawili, ndoo ya rangi nyeupe na kamba. Wakaanza kufungua wavu.

"We Toản, unafanya nini?" Bi Mùi alimfuata. "Nimekufuta makamasi mimi!"

"Bibi, msinikasirikie. Uwanja umekodishwa, magari ya wale wa ghorofani hayana pa kulala. Amri imetoka wilayani, mimi natumwa tu."

"Na sisi?"

"Si mkatembee ziwani? Mazoezi ni mazoezi. Au mfanyie nyumbani, kwenye runinga yapo."

"Nyumbani," alisema Bi Nhài.

"Ndiyo, bibi. Tena hakuna mvua."

Kijana mmoja alikwishavuta kamba na kupiga mstari wa kwanza. Ulipita katikati ya ile kona.

Bi Nhài alimsogelea Toản mpaka akanusa sigara kwenye koti lake. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, magari yaje, sawa. Nakuomba kitu kimoja tu. Tuangalie vizuri tulivyosimama hapa, mmoja mmoja. Halafu tuambie anayefuata baada ya Lụa ni nani, tuwe tunapita kumgongea."

Toản alitazama simu yake. Kijana mwenye brashi aliinua mkono, rangi ikawa inadondoka kwenye kiatu chake, naye hakuiona.

"Tutajie, mwanangu," alisema Bi Nhài. "Ni nani?"