Ramani Kwenye Changarawe

Felicia alipofika kwa mdogo wake Orpha, huko Tumba, kusini mwa Stockholm, Sweden, hakuuliza habari za baridi wala za bei. Alisimama dirishani akasema, "Orpha, ule mto unatoka wapi?"

"Mto gani, Yaya?" Orpha akamuuliza dada yake mkubwa.

"Ule tuliouvuka tukiburuta valizi zangu. Unatoka wapi na unaenda wapi?"

Orpha hakujua. Alikuwa ameishi pale miaka kumi na minane, kila alfajiri akipanda treni kwenda Märsta kufanya usafi kwenye uwanja wa ndege, na mto kwake ulikuwa daraja la kuvuka tu. Lakini Felicia alikuwa mwalimu wa jiografia huko Uvira, Kongo. Tangu Mulongwe, mto wa mjini kwao, ifurike na kubeba nyumba yake, hakuweza kulala vizuri karibu na maji asiyoyajua.

Jumamosi Orpha alitaka kumpeleka Kista, kwenye maduka. Felicia akakataa. "Maduka nimeyaona Bujumbura. Nionyeshe unapoishi."

Basi wakaufuata mto mpaka kwenye kiwanda cha zamani, ambako tangu karne ya kumi na nane Waswidi walitengeneza karatasi ya noti zao. Karibu na nyumba za wafanyakazi wa zamani walimkuta bibi mmoja kwenye benchi, ana fimbo na chupa ya kahawa. Aliitwa Ingegerd, na baba yake alifanya kazi kiwandani humo.

"Muulize kama mto huu ulishawahi kufurika," Felicia akasema. Orpha akatafsiri.

Bibi alifurahi kuulizwa. Akasema utotoni aliwahi kuona maji ya theluji iliyoyeyuka yakifika kwenye ngazi za kwao, baba yake akambeba mgongoni. Kisha akachora kwa fimbo kwenye changarawe: ziwa Uttran huku, ziwa Tullinge kule, mto katikati. Zamani za kale, alisema, bonde hili lilikuwa bahari. Nchi imeinuka polepole, na inaendelea kuinuka.

"Ajabu!" Felicia akacheka. "Kwetu maji ndiyo yanapanda, kwao nchi ndiyo inapanda!"

Ingegerd akampa fimbo. "Na kwenu kukoje?"

Felicia akachora Ziwa Tanganyika, refu, na milima nyuma yake, na mto Ruzizi ukiingia kutoka kaskazini. Akachora Mulongwe ikishuka mjini. Pale nyumba yake iliposimama akatoboa shimo.

Orpha aliitazama ile ramani. Mama yao alikufa yeye akiwa tayari Sweden, na gharika ikaja baadaye. Tangu siku hiyo hakuwahi kuuliza habari za kaburi. Aliogopa jibu.

"Yaya," akasema kwa sauti ndogo, "Mama yuko wapi?"

Felicia akamtazama. "Nimengoja sana uniulize." Akanyoosha fimbo, akaweka alama mbali na mto, kwenye mteremko wa mlima. "Hapa. Mimi ndiye niliyechagua. Baba wadogo walitaka karibu na barabara, nikawaambia hapana, mto huu naujua. Maji hayakumfikia."

Orpha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya ile alama, akalia. Ingegerd hakuelewa maneno, lakini aliona machozi. Alisogea kwenye benchi kuwapa nafasi, akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Kifuniko kilikuwa kimoja, wakapokezana.

"Hapa ndipo alipozikwa mama yetu," Orpha akamweleza hatimaye kwa Kiswidi. "Yuko mlimani. Anaona ziwa."

"Basi yuko pazuri," bibi akasema.

Mchana, wote watatu walitembea polepole mpaka ziwa Tullinge. Felicia alivua viatu, akaingia ziwani, akapiga kelele mpaka mbwa wa watu wakabweka. Orpha akakunja sketi akamfuata, huku akicheka, ameshika mkono wa dada yake.